Kukodi mashine za joto na baridi kwa shughuli ya nje: mwongozo kamili

Watu wengi wakianza kupanga shughuli ya nje hupiga simu kuuliza bei ya feni au hita. Kuna swali la kutangulia hilo: hewa ya pale mahali itakaa, au inapita tu?

Uwanjani, pasipo ukuta wala dari, hewa uliyoipasha moto sasa hivi baada ya dakika moja imeshakwenda zake. Hapo hakuna mashine itakayobadilisha hali ya hewa. Unachoweza ni kuushughulikia mwili wa mtu moja kwa moja, kwa mionzi ya joto akiwa na baridi, au kwa upepo na ukungu wa maji akiwa na joto. Ndani ya hema lililofungwa pande zote mambo ni mengine: hewa inakaa, kwa hiyo unaweza kuipasha au kuipoza. Ukilielewa hilo, nusu ya makosa ya kukodi yamekwisha, kwa sababu mengi hutokana na mtu kuchukua mashine ya hema lililofungwa akaiweka uwanjani, au kinyume chake.

Hatua ya 1: Nenda mahali penyewe, saa ileile

Usiende asubuhi kukagua mahali pa shughuli ya alasiri. Joto la mchana halifikii kilele saa sita. Hufika saa mbili au tatu baadaye, ardhi ikiwa imeshaota jua vya kutosha. Baridi ya usiku nayo huzidi kuongezeka mpaka alfajiri, hasa mbingu zikiwa wazi, kwa kuwa wingu ni kama blanketi. Shughuli itakayokwisha saa nane usiku haitakuwa na hali uliyoiona saa moja jioni.

Chukua kipimajoto chenye kipimo cha unyevu wa hewa, hakina gharama kubwa. Andika joto, unyevu, upepo unatoka upande gani, na jua litakuwa wapi wageni wakiwa wameketi. Angalia chini: lami na zege hutunza joto na kulirudisha jioni, nyasi hazifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Pima kwa hatua umbali kutoka umeme ulipo mpaka mashine zitakapokaa, na kutoka kwenye bomba la maji. Tazama pia njia ya gari la mzigo, kwani mashine kubwa haibebwi mabegani kuvushwa bustani yenye tope.

Hatua ya 2: Punguza kazi kabla ya kukodi

Kila kilowati unayoizuia isihitajike ni kilowati usiyoilipia mara tatu: kodi, umeme na kelele.

Mchana wa jua kali, kivuli kina thamani kuliko mashine yoyote. Jua la adhuhuri, anga likiwa safi, hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolitazama. Hema jeupe lenye dari ya juu hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo angani, na hewa ya moto hupanda juu ya vichwa vya watu. Hema jeusi ni zuri pichani, lakini mchana mimi silishauri kabisa. Elekeza viti ili jua la jioni liwe mgongoni kwa wageni, na acha wazi pande ambazo upepo unaingilia na kutokea.

Kwa baridi kanuni hugeuka. Fungeni pande zote za hema na mwache mlango mmoja, uwe upande usiopigwa na upepo. Wekeni sakafu ya mbao na zulia, maana miguu iliyo juu ya ardhi ya baridi humfanya mtu atetemeke hata kama kichwa kina joto. Mablanketi mepesi kwenye viti husaidia kupita kiasi ambacho watu hudhani.

Hatua ya 3: Chagua aina ya mashine

Tuanze na baridi, ambako machaguo ni machache.

Hita ya gesi ya kusimama, ile yenye kofia kama uyoga, hutoa kilowati 12 hadi 13, yaani BTU 40,000 na kitu kwa saa (BTU ni kipimo kingine cha joto, huandikwa kwenye mashine nyingi). Hupasha watu walio mita mbili au tatu kutoka kwenye nguzo, na upepo ukivuma duara hilo hupungua upesi. Ni mashine ya mahali wazi. Usikubali iingizwe kwenye hema lililofungwa, hata mtu akikuambia mbona wengine hufanya.

Hita ya umeme ya mionzi, ya kilowati 1.5 hadi 3, haipashi hewa. Mionzi yake hufika kwenye ngozi na nguo kama jua linavyofanya. Haitoi moshi wala gesi, na upepo hauwezi kuipeperusha mionzi, ingawa utaendelea kumpoza mtu mwenyewe. Ifunge juu, imwelekee mtu kwa pembeni. Kwenye baraza au hema lililo wazi upande mmoja, hii ndiyo ninayoitanguliza umeme ukitosha.

Kwa hema lililofungwa, kodi hita ya dizeli inayokaa nje na kusukuma hewa safi ya moto ndani kwa bomba nene. Hapa pana neno moja la kuuliza, nalo linahusu uhai. Ziko hita ambazo moto huwaka ndani ya mkondo wenyewe wa hewa, na moshi huingia pamoja na joto. Ziko nyingine ambazo moto umetengwa, moshi hutoka kwa bomba lake, na hewa hupita pembeni ikichukua joto tu. Penye watu ndani unataka ile ya pili. Hita za aina ya kwanza ni za kukaushia majengo na maghala yasiyo na mtu.

Sababu ni kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi huo. Haina rangi, haina harufu, na hushikana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu au kinywaji. Mkaa nao huitoa, kwa hiyo jiko la mkaa halina nafasi ndani ya hema lililofungwa. Kodi au nunua king'ora cha gesi hiyo na ukifunge kwenye hema lolote lenye kitu kinachowaka ndani au karibu. Kikilia, toa watu kwanza, maswali baadaye.

Sasa joto. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kila mashine inayopuliza upepo huitwa ya kupoza.

Feni haipunguzi joto la hewa hata kidogo. Inachofanya ni kuharakisha jasho likauke na kuondoa hewa ya uvuguvugu inayouzunguka mwili. Kwa nyuzi 30 hivi hiyo inatosha, na feni kubwa zilizopangwa vizuri huokoa shughuli nzima. Lakini ngozi ya mtu ina nyuzi kama 35. Hewa ikipita hapo, feni inamletea joto badala ya kumwondolea, na jasho ndilo linalobaki kumtetea. Shirika la Afya Duniani linashauri feni zisitumike joto likifika nyuzi 40.

Feni za ukungu hunyunyiza matone madogo mno ambayo hukauka hewani kabla ya kumlowesha mtu. Ubora wake uko kwenye pampu: zile za shinikizo kubwa, karibu bari 70, hutoa ukungu halisi, za shinikizo la bomba la kawaida hutoa manyunyu yanayoharibu nguo, vipodozi na vifaa vya muziki. Waombe waiwashe mbele yako, kisha simama mita mbili kutoka kwayo na karatasi mkononi. Karatasi ikilowa, iache.

Vipoza hewa vya maji ni masanduku yenye pedi zilizolowa na feni nyuma yake. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto la karibu kilowati-saa 0.68, na hewa hutoka ikiwa baridi zaidi na yenye unyevu zaidi. Penye hewa kavu ni mashine nzuri sana, haitumii umeme mwingi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi haifai. Hewa ya nyuzi 38 yenye unyevu wa asilimia 20 itatoka na nyuzi kama 24 au 25, na wageni watakushukuru. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80 itatoka na nyuzi 29 na nusu hivi, imejaa mvuke, na jasho halikauki tena.

Huhitaji hesabu kujua utaangukia wapi. Funga kitambaa chembamba kilicholowa kwenye kichwa cha kipimajoto cha kawaida, kipepee kwa dakika tatu au nne, kisha soma. Nambari hiyo ndiyo kikomo. Hakuna kipoza cha maji kitakachoshuka chini yake, na mashine nzuri hufika karibu asilimia 80 ya njia kuelekea hapo. Tofauti kati ya kipimo kikavu na kilicholowa ikiwa chini ya nyuzi tano, usikodi vipoza vya maji.

Najua ninachosema. Niliwahi kusimamia shughuli ya jioni mahali penye unyevu mwingi, nikakubali vipoza vya maji sita, kisha nikaamuru pande za hema zifungwe ili ubaridi usitoke. Baada ya saa moja maji yalikuwa yanatiririka kwenye dari kwa ndani, na wazee wakatolewa nje wakihema. Vipoza hivi vinataka hewa iingie safi na itoke. Ukivifunga ndani, vinarudia kunywa mvuke wao wenyewe. Jambo jingine: maji yaliyolala siku nyingi kwenye tangi la kipoza huzaa bakteria, wakiwemo Legionella wanaoshambulia mapafu, na mashine inayorusha matone huwasambaza. Dai tangi lililosafishwa na maji mapya.

Viyoyozi ndivyo pekee vinavyopunguza joto na unyevu kwa pamoja, na ndivyo vinavyodai hema lifungwe kweli.

Kabla ya kukimbilia viyoyozi vya hema zima, fikiria hili, na katika mwongozo huu wote ndilo ningependa ulibebe. Kodi hema dogo moja, au tumia chumba kilicho karibu, likiwa na kiyoyozi cha uhakika, na eneo kubwa uliache kwa kivuli na feni. Wazee, wajawazito, watoto wachanga na yeyote anayejisikia vibaya wapate mahali pa kukaa nusu saa. Gharama ni sehemu ndogo tu ya kupoza watu wote, na wanaolindwa ndio hasa wanaohitaji kulindwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu, usikisie

Chukua hema la mita 10 kwa 20, kuta za mita 3, paa likipanda mita 2 zaidi katikati. Turubai lote, paa na kuta, ni kama mita za mraba 415. Turubai la tabaka moja hupitisha karibu wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka ndani pawe na nyuzi 20 na nje kuna 5, tofauti ni 15: mara 415 mara 6, unapata kilowati 37. Ongeza hewa inayopenya milangoni na kwenye mishono, kama kilowati 12. Jumla ni 50 kasoro kidogo. Wageni 130 watarudisha kilowati 13 hivi, kwa kuwa mtu aliyeketi hutoa karibu wati 100, lakini usizipunguze hizo kwenye jumla: hema lazima liwe na joto kabla hawajaingia. Kodi kilowati 50 zenye kidhibiti joto, kitapunguza chenyewe.

Hema hilohilo mchana, nje nyuzi 34 na ndani ukitaka 26: turubai kilowati 20, hewa inayopenya 6, watu 16 kwa sababu wanatoa jasho na kusogea, taa na muziki 3, na jua juu ya paa, hata likiwa jeupe, kama 30. Umefika 75. Kilowati 3.5 ni sawa na BTU 12,000, kile kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kwa hiyo unahitaji nguvu ya viyoyozi 21 na zaidi. Mtu akikuletea viwili vikubwa vya kusimama na kukuhakikishia vitatosha, mwonyeshe hesabu hii. Unyevu ukiwa mwingi nambari hupanda zaidi. Shughuli ikianza jua limezama, zile 30 za paa zinaondoka, na pengine hiyo peke yake ni sababu ya kusogeza saa kwenye mwaliko.

Hatua ya 5: Umeme, dizeli na gesi

Hita moja ya kilowati 3 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 13. Soketi ya kawaida inaibeba moja tu. Ekstensheni ya kuzungushia isiachwe imezungushwa. Waya uliojikunja chini ya mzigo mkubwa hupata moto mpaka plastiki inayeyuka. Ukunjue wote, upitishe mahali watu hawakanyagi, au ufunikwe. Kila njia iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, ile ya miliampea 30, hasa penye maji na nyasi mbichi.

Jenereta huandikwa kwa kVA. Zidisha kwa 0.8 upate kilowati, na usiitwishe zaidi ya asilimia 80 kwa muda mrefu. Viyoyozi vya kilowati 75 za ubaridi hula umeme wa kilowati 25 hivi; gawanya kwa 0.8 mara mbili, unafika kVA 39. Halafu kompresa, yaani pampu zenye mota ndani ya viyoyozi, zinapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, kwa hiyo fundi mzuri atapanda hadi 50 au 60, na atawasha mashine moja baada ya nyingine. Muziki na taa vipewe jenereta yake au njia yake, la sivyo kila kompresa ikiamka taa zitafifia. Jenereta ikae upande ambao upepo unaondoka, mita 6 au zaidi kutoka hemani.

Mafuta: jenereta hunywa takriban lita 0.3 za dizeli kwa kila kilowati-saa, na hita ya kilowati 50 ikiwaka kwa nguvu zote hunywa lita 5 hadi 6 kwa saa. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa karibu kilowati-saa 13, maana yake hita moja ya uyoga hula kilo moja kwa saa. Hita 8 kwa saa 6 ni kilo 48. Ongeza robo.

Mtungi husimama wima daima. Ukilazwa, gesi ikiwa bado kimiminika huingia kwenye mpira na moto hulipuka juu ya hita. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya kwenye mashimo na chini ya jukwaa, kwa hiyo usiweke mitungi karibu na mahali hapo. Pima viungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Penye baridi kali uliza ni gesi ipi: butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri.

Hatua ya 6: Zungumza na mkodishaji

Mpe vipimo vyako, usimwombe "kitu cha kutosha". Halafu uliza haya na utake yaandikwe kwenye mkataba:

- Nguvu halisi ya kila mashine kwa kilowati au BTU, na umeme inaovuta ikianza.
- Kodi inahesabiwa kwa saa, siku au safari, na saa ya ziada ni kiasi gani.
- Nani analeta, anaunganisha, anazima na kuondoa. Je, fundi atabaki mpaka mwisho?
- Mafuta na gesi vimo ndani ya bei au la, na mtungi ambao haukuguswa unarudishwa?
- Mashine ikizima katikati, nyingine itafika baada ya muda gani?
- Ukiahirisha kwa sababu ya mvua, amana inakwenda wapi?

Akikataa kuandika lile la fundi na la mashine ya akiba, mimi hutafuta mwingine hata kama bei yake ni nafuu. Uliza pia kelele. Jenereta yenye sanduku la kuzuia sauti na iliyo uchi ni vitu viwili tofauti kabisa wakati mtu anasoma hotuba.

Piga simu mapema. Wiki ya kwanza ya joto kali au baridi kali kila mtu hukumbuka kukodi siku ileile, na mashine zinazobaki ndizo zilizochakaa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mashine zifike na kujaribiwa saa tatu au nne kabla. Jaribio maana yake ni zote pamoja, taa na muziki vikiwemo, kwa nusu saa nzima. Hema la baridi lianze kupashwa saa mbili kabla ya wageni. Kwa viyoyozi anza mapema vilevile, kabla jua halijawa kali, kwa sababu kuzuia joto lisiingie ni rahisi kuliko kulitoa likishaingia kwenye viti, meza na sakafu.

Hita za gesi zikae mita moja au zaidi kutoka kwenye turubai, mapambo, vitambaa vya meza na nywele za watu. Maelekezo ya mtengenezaji yakitaka zaidi, fuata hayo. Ziwe na swichi inayozima moto zikianguka. Inamisha moja kwa mkono kabla wageni hawajafika, uone inazima kweli. Kizima moto cha unga kiwe mahali kinapoonekana.

Mteue mtu mmoja, asiwe mwenye shughuli, wa kupita kila nusu saa na kipimajoto: katikati ya hema, pembeni, na kwenye kiti cha mtoto, si juu alipo mtu aliyesimama. Huyo ndiye anayejua mafuta yamebaki kiasi gani na namba ya simu ya fundi. Mgeni akianza kuchanganyikiwa kwa joto, ngozi ikiwa moto na maneno hayaeleweki, mpoze kwa maji na upepo hapohapo huku mtu mwingine akiita huduma ya dharura. Hiyo haingoji kupumzika kidogo.

Mwisho wa usiku funga gesi kwenye mtungi kwanza, acha moto uliobaki kwenye mpira uishe, ndipo ufunge hita. Hita ya dizeli iachwe feni yake izunguke mpaka ipoe, usichomoe waya ghafla. Mwaga maji ya vipoza vyote. Hesabu vifaa pamoja na mkodishaji, piga picha ya kila kimoja na ya mita ya saa za jenereta, na wote wawili mtie sahihi kabla gari halijaondoka.